Baridi Isiyotosha

Kazi yangu ni kupima vipande vya silikoni. Nikiulizwa kanisani ninasomea nini, husema "fizikia" nikanyamaza, maana ukianza kueleza watu huanza kutazama mlango. Lakini si jambo gumu. Silikoni safi ikipoa sana hukataa kupitisha umeme. Ukiitia fosforasi kidogo, bado hukataa. Ukizidi kuitia, hufika mahali ikageuka, ikapitisha umeme kama metali hata kwenye baridi ya mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nikichunguza mpaka huo, na mpaka huo ni mwongo. Kipande kilicho karibu nao hupitisha vizuri kikiwa na joto, kwa kuwa elektroni zilizonaswa huazima nguvu kwenye joto hilo na kurukaruka. Ukitaka kukijua, kipoze mpaka kikose pa kuazima.

Kwa baridi ya namna hiyo unahitaji gesi ya heli iliyogeuzwa kimiminika, na sisi chuoni hatukuwa nayo. Nilikuwa na nitrojeni ya kimiminika tu, ambayo haitoshi, na hata hiyo niliipata Thika kwa daktari wa mifugo anayehifadhi mbegu za mafahali. Kila Jumamosi alasiri nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Kimbo na chupa yangu. Alinijazia huku akinitania kwa kuniuliza ng'ombe wangu atazaa lini. Kisha nilipitia mtaa wa Makongeni, hapo hapo Thika, kumwona mama.

Moyo wa mama ulikuwa umechoka. Lakini saa hizo nilimkuta kati ya wamama wa kanisa, na thamosi ya chai, na nyimbo. Alikuwa ameketi wima, kitambaa kichwani, akibishana nao kuhusu ubeti walioruka. Nilimtazama nikaridhika. Nilikuwa nimealikwa ng'ambo, kwenye maabara yenye heli, nikae huko miezi mingi. Nilichotaka kujua ni kama ninaweza kumwacha, na kila Jumamosi nilijibiwa kwamba ninaweza.

Wiki moja daktari wa mifugo alikuwa na safari, akaniambia nije asubuhi. Kwa hiyo nilifika kwa mama kabla ya mtu yeyote. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, kikombe cha maji kwenye stuli karibu na mkono wake na hakuweza kukifikia. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Nani amekwambia uje saa hii?" akauliza.

"Mama, kwani uko hivi kila asubuhi?"

"Hao watu wakikuja napata nguvu. Wakienda, inaisha."

"Si ungeniambia!"

"Nikikwambia, ungeenda ng'ambo?"

Nilikasirika. Kwangu hasira hutangulia huruma, nimeumbwa hivyo. Nilimnywesha maji huku nikigomba kama mwendawazimu, yeye akinywa polepole, akiningoja nimalize. Mimi, ambaye kazi yangu yote ni kutoamini kipimo kilichochukuliwa kwenye joto, nilikuwa nimempima mama yangu mchana, mbele ya wageni.

Sikwenda. Vipande nilivituma kwa posta kwenye maabara ile ya ng'ambo na nikahamia Makongeni. Nilijifunza kumgeuza kitandani. Nilijifunza pia jinsi asubuhi ilivyo ndefu. Mchana wamama walipokuja, aliniomba kitambaa, nikamfunga, akaketi, akaimba. Nilichukia nyimbo hizo. Walipotoka niliona zimemla nguvu zote.

Matokeo yalipofika, nilikuwa nimekaa kando ya mama. Kadiri kipande changu bora kilivyopozwa, ndivyo ukinzani wake kwa umeme ulivyozidi kupanda, haukusimama popote. Nilikuwa nimekiandika kuwa metali.

"Kile kijiwe chako kimesema nini?" akauliza. Mimi ni binti wa pili, ambaye kwetu Wakikuyu hupewa jina la mama ya mama, kwa hiyo huniita mama yake; akaongeza, "Niambie, maitu."

"Kimekataa. Kilikuwa kinapitisha kwa sababu ya joto tu."

Nje tukasikia wamama wakicheka langoni, kifuniko cha sufuria kikilia. Nikachukua kitambaa msumarini nikainama kumfunga. Akanishika mkono.

"Waambie leo nimelala," akasema.

Nikakirudisha kitambaa msumarini, nikaenda langoni kuwaambia.