Kifumulio cha Fundi Mkuu na Njiwa wa Ikinga

Siku yangu ya kwanza kazini sikushona chochote. Nilifika kwenye karakana ya ushonaji pale Tunduma nimevaa gauni nililolishona mwenyewe ili nionekane fundi, na Fundi Mkuu akaniwekea mezani bati la biskuti lililojaa vifumulio. Kwa ninyi mliozoea kufumua kwa wembe, naeleza: kifumulio ni kile kidude cha chuma chenye mpini wa plastiki, kichwa chake kimegawanyika meno mawili. Jino refu lina ncha kali ya kupenya chini ya uzi. Jino fupi lina kishanga chekundu, nalo huteleza juu ya kitambaa bila kukitoboa. Kati ya meno hayo ndipo penye makali, na ndipo uzi unapokatikia.

"Chagua kimoja," akasema Fundi Mkuu. "Hicho ndicho kitakachokulisha ugali."

Nikachagua kilichong'aa kuliko vyote. Akatabasamu, akachukua kipande cha pamba, akalipitisha lile jino refu juu yake. Pamba ikanasa.

"Kikinasa kwenye pamba, kitanasa kwenye kitenge cha watu. Rudisha."

Cha pili kilikuwa na shingo inayocheza ndani ya mpini, akasema chombo kinachotikisika hukata kinapotaka chenyewe. Cha tatu kilikuwa na mpini mwembamba. "Hiki cha kupigia picha. Ukitoka jasho kidogo tu kinakuponyoka." Mwishoni nikapata kimoja kilichofifia rangi, mpini mnene, ncha safi, kishanga kizima na kifuniko kinachobana. Akaniambia nikiona kimekuwa butu nikitupe bila huruma, kwa sababu kifumulio butu unakisukuma kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayotoboa. Juma zima nikakaa nikifumua magauni ya mitumba na kuyatandaza vipande vipande mezani. Nilinung'unika sana moyoni, kumbe ndivyo nilivyokuwa nikijifunza jinsi nguo inavyojengwa.

Fundi Mkuu alikuwa Mnyamwanga mnene, mpole wa sauti, na kifumulio chake alikivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Sikuwahi kumsikia akimfokea aliyekosea kushona. Aliyefumua vibaya ndiye aliyekiona cha moto. Alisema mshono mbaya una dawa, tundu kwenye kitambaa halina. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na bado sijaona mwingine niliyemstahi kama yeye.

Nilikuwa nimeshapewa cherehani yangu ilipokuja kazi ya kwaya ya akina mama wa Ikinga, kule milimani Ileje. Kanisa lao jipya lilikuwa linawekwa wakfu Jumapili. Mwalimu wa kwaya, mwanamke mrefu tuliyemwita Mama Mwalimu, alileta kitenge cha njiwa weupe wanaoruka juu, alichokinunua Nakonde ng'ambo ya mpaka. Alitaka magauni: juu bluu tupu, chini sketi ya marinda yenye wale njiwa. Alituonya mapema kwamba kitenge kile kimekwisha dukani, yeye ndiye aliyebeba cha mwisho.

Mkataji wetu, Baba Kenani, alikuwa na mkono usiotetemeka. Ila alikikunja kitenge ncha kwa ncha, akakata tabaka mbili kwa pamoja kama alivyozoea kwenye vitambaa vya maua. Maua hayana juu wala chini, njiwa wanavyo. Vipande vya mbele vikatoka njiwa wanaruka, vya nyuma vikatoka miguu juu. Nasi tukashona kwa kasi, kila mtu macho kwenye sindano yake. Gauni la Mama Mwalimu nilipewa mimi, nikalishona kwa mishono midogo midogo, tena mara mbili, kwa heshima. Nilipotaka kupunguza kwa mkasi kitambaa kilichozidi ndani ya mshono wa ubavu, Fundi Mkuu akanishika mkono.

"Acha. Hicho kina kazi yake."

Alhamisi Mama Mwalimu akaja kulijaribu. Akageuka mbele ya kioo, akatazama nyuma juu ya bega.

"Fundi Mkuu," akasema taratibu, "hawa wa nyuma wana nini?"

Baba Kenani akajikaza. "Mama, hao wanashuka. Kama yule njiwa wa siku ya ubatizo."

"Hawa hawashuki, baba. Hawa wamekufa."

Tungecheka, lakini Mama Mwalimu alikaa kwenye benchi, macho yamejaa machozi. Akatueleza kwamba kijijini wenzake walitaka kitambaa cha kawaida, na ni yeye aliyewashawishi wachukue njiwa. "Kwaya inawatazama watu. Mimi ndiye ninayewapa mgongo, nyimbo zote. Nitasimamaje mbele yao hivi?"

Fundi Mkuu hakumgeukia Baba Kenani hata kidogo. "Kazi imetoka kwenye karakana yangu, kwa hiyo kosa ni langu. Kipande cha nyuma kimenyooka pande zote, kinageuzika. Pindo litakuwa kiuno, kiuno kitakuwa pindo. Tunafumua, mama. Jumapili utavaa." Kisha akatugeukia sisi. "Kitambaa kingine hakipo. Atakayetoboa, basi, gauni limekwisha."

Akakusanya nyembe zote akazitia mfukoni. Kila fundi akakipitisha kifumulio chake kwenye pamba mbele ya Fundi Mkuu, na viwili vikatupwa palepale. Tukakata uzi kwa kurukaruka mishono upande mmoja, kisha tukavuta uzi wa upande wa pili, nao ukatoka mzima. Baba Kenani aliketi katikati yetu akiokota vinyuzi. Gauni langu ndilo lililogoma. Ile mishono midogo iliyopitiwa mara mbili haikuwa na pa kupenyeza ncha, nikaweka kifumulio chini.

Fundi Mkuu akalichukua, akaenda nalo dirishani, akaondoa kifuniko cha kifumulio chake. Akafumua mshono mmoja mmoja, kuanzia kwapani hadi pindoni, mpaka shingo ikamkakamaa.

"Umeshona vizuri mno, Tumaini," akasema bila kuinua macho. "Lakini nguo si jeneza la kupigiliwa misumari. Mtu ananenepa, anakonda, anazaa. Shona ukijua kuna mwenzio atakuja kufumua."

Akalishona upya yeye mwenyewe kwa mishono mirefu iliyonyooka. Jumapili tulisimama nyuma ya kanisa kule Ikinga. Mama Mwalimu alipoinua mikono, njiwa wake wote walikuwa wanapanda. Watu walitazama njiwa. Fundi Mkuu alivaa miwani, akatazama mishono, akaninong'oneza, "Hakuna tundu." Nililia kwa fahari, wala sikujificha.

Baadaye nilihamia Nanyala kufundisha wasichana kushona kwenye kituo cha ufundi. Mkuu wa kituo alinishangaa kwa kuanza kila darasa na bati la biskuti na kipande cha pamba, mpaka alipoomba nimchagulie kimoja cha mkewe. Nilistaafu huko, nikaja kulima Ndalambo. Fundi Mkuu alikuwa ameshafariki.

Masika yaliyopita Mama Mwalimu alikuja kumtembelea binti yake aliyeolewa huku, akanifikia na lile gauni. Kanisa lao lilikuwa linajiandaa kufanya shukrani, na walikuwa wamemwomba aongoze wimbo mmoja.

"Limenibana, mwanangu. Lawama zote ni za viazi vya Ileje."

Nililipeleka dirishani. Kando ya mshono wa Fundi Mkuu palikuwa bado na alama za sindano yangu, vitundu vidogo vidogo vya mstari mmoja, hakuna hata kimoja kilichochanika. Nikashika kifumulio, mkono ukakataa.

"Vipi?" akauliza.

"Huu ni mkono wa Fundi Mkuu, mama. Ndio pekee niliobaki nao."

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Nikakipitisha kwenye pamba, hakikunasa. Nikapenyeza ncha chini ya uzi wa kwanza, nikakata, nikaruka, nikakata tena, kisha nikavuta. Uzi ulikuja wote, laini, kutoka kwapani hadi pindoni. Ndani ya ubavu kile kitambaa alichonikataza Fundi Mkuu kukikata kilikuwa bado kipo, upana wa vidole viwili. Nikakikunjua nikampima Mama Mwalimu, kikamtosha.