Nililichagua Gari Nyuma ya Pazia

Kosa ni langu, wala sitafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Nilichagua gari kwa masikio, nikiwa nyuma ya pazia. Nichekeni kwanza. Mkimaliza, nisikilizeni.

Nilikuwa nimekaa eda ya mume wangu, hapa Chanika, Handeni. Mama mkwe alikuja kutoka Kilole, Korogwe, kukaa nami. Marehemu aliacha pikapu moja kuukuu, na familia ikakubaliana ibaki mikononi mwangu. Shemeji yangu Athumani, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeiendesha, akibeba machungwa na magunia ya mahindi. Nyumba yangu na nyumba yake zote zilikula hapo.

Jamani, pikapu ile! Jioni ikikata kona ya kwetu, mtaa mzima unajua. Inakohoa, inakoroma, halafu inapiga mshindo mmoja kama mlango uliobamizwa na upepo. Mume wangu alipokuwa hai, mshindo ule ndio ulioniinua kubandika chai yake. Sasa amekufa, na nikiusikia bado nainuka. Nafika jikoni, nashika sufuria, ndipo nakumbuka.

Kila jioni! Sikumwambia mtu. Nikaanza tu kutamani gari lisilo na sauti.

Basi akaja dalali mmoja kutoka Segera na gari dogo la kifahari, limetumika lakini linang'aa. Viti vya ngozi! Alitaka tubadilishane na pikapu, mimi nimwongezee mbuzi wangu. Kwa kuwa nilikuwa ndani ya eda, sikutoka. Nilikaa nyuma ya pazia la mlango, wao wakiwa uani.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa. Liwashe nilisikie."

"Linawaka, mama."

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo gari lenyewe hilo! Ukikaa ndani unasikia mpaka mate yako yakishuka."

Moyo wangu ukatulia kama maji ya mtungini. Lakini Athumani alikuwa ameshafungua boneti.

"Shemeji, injini hii ni ya moto. Injini ya moto haitoi siri zake. Aliache hapa, tuliwashe asubuhi likiwa baridi. Halafu tulipeleke Korogwe kwa fundi mwenye mashine ya kupima."

"Kaka, nimetoka nalo Segera," dalali akacheka. "Ulitaka liwe baridi kama mtindi?"

"Lilikuwa la nani?"

"La daktari mmoja wa Dar. Kazini na nyumbani tu."

"Daktari wa watu au wa magari?"

Mama mkwe alikuwa kando yangu akichambua mchele. Akaninong'oneza, "Mwanangu, hata bwana harusi huwa kimya siku ya posa."

Sikusikia la mtu. Nikapaza sauti ili wote uani wasikie: "Athumani, wewe unaogopa tu kunyang'anywa usukani wa pikapu ya kaka yako!"

Pazia lilikuwa jepesi, nikamwona akiinamisha kichwa. Akashusha boneti taratibu, akaenda kufungua zizi la mbuzi, na dalali akaondoka na mbuzi na pikapu. Gari lilikuwa kosa la masikio. Neno lile lilikuwa kosa la mdomo, na ndilo linaloniuma zaidi.

Asubuhi yake Athumani akaliwasha likiwa baridi. Ole wangu! Kokoto ndani ya debe! Kuku walitawanyika, jirani akatoka na kanga moja kuuliza kama tunabomoa nyumba. Taa za onyo mbele ya dereva ziliwaka nyekundu na njano kama ukumbi wa harusi. Likipata moto, linanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Hapo nikaelewa kwa nini lililetwa likiwa la moto.

Tukampigia dalali. Hapokei. Tukasikia pikapu ameshamuuzia mfanyabiashara wa hapahapa mjini.

Athumani akalipeleka Korogwe. Fundi akapima, akatikisa kichwa: mnyororo wa injini umelegea, giaboksi nayo iko njiani kufa, na vipuri vyake huku kwetu hakuna, mpaka viagizwe mbali.

Jioni ile nikasikia mshindo. Ule ule! Nikainuka, nikabandika chai. Nikajiambia, sasa akili imeniruka. Lakini mama mkwe naye alikuwa ameinua kichwa.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia, mama."

Tukachungulia pamoja. Ilikuwa pikapu yetu kweli, na mwenyewe mpya kwenye usukani. Nyuma yake kamba. Mwisho wa kamba, gari langu la viti vya ngozi, na ndani yake Athumani, uso umemkauka kama mtu aliyesindikiza jeneza. Lilimzimikia njiani, na gari la kwanza kupita likawa hilo!

Mama mkwe akalitazama likivutwa mpaka uani. Halikutoa hata mlio.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ulitaka gari kimya."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu nikalia, chai ikafurika ikazima moto.

Nilimwomba Athumani radhi palepale, tena bila pazia la maneno. Akasema, "Yamekwisha, shemeji." Lakini leo anaendesha pikapu ya kaka yake kama kibarua wa mtu mwingine. Mbuzi sina. Gari lipo uani, kuku ameatamia kiti cha nyuma, na nasikia vizuri sana anavyopumua.

Ndugu zangu, kabla hujatoa chako, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie mwenye gari akalale, na gari lake lilale, mtakutana asubuhi. Mlete fundi wako, si wa kwake. Mwenye kukutahadharisha, usimtukane. Na ukiwa na msiba, usinunue kitu kipya ili kunyamazisha cha zamani.

Jioni Athumani akimaliza kazi, huipitisha pikapu kwenye kona yetu, nayo hupiga mshindo wake. Siku hizi sishtuki. Akiingia, anakuta chai iko mezani.