Bango Lililokaa Upande

Mchora vibao yule walimwita Mkia, kwa sababu kila herufi ya mwisho aliivuta mkia ukajikunja kama wa paka aliyeshiba. Mtaa mzima, kuanzia kwa kinyozi hadi duka la dawa, ulivaa mikia yake. Kinywani maneno yalikuwa haba. Brashi ndiyo iliyomsemea.

Mwaka uliopita kijana wa duka la kuchapisha alikuja kupiga picha vibao vyake vyote. Mkia akaona fahari. Akachukua kitambaa, akawa anatangulia kufuta vumbi ili picha zitoke safi. Hakujua analima shamba la mwenziwe. Kijana alizilisha picha zile kwenye mashine ya akili bandia, na tangu hapo mashine ikawa inatoa mikia ile ile hata chai haijapoa. Brashi za Mkia zikakauka koponi.

Ilipotangazwa kwamba wananchi watoe maoni kuhusu sheria ya mashine hizo, dada yake alimpigia shati pasi.

"Kaka, usiende kuwa pambo. Simama useme: waniombe kwanza, ndipo wachukue mwandiko wa mkono wangu."

"Nitasema."

"Utasema na nani? Na viatu vyako?"

Ukumbini, bwana mmoja wa kampuni alisema sheria itafunga mlango wa kazi mpya. Mwalimu mmoja akamjibu, "Mlango usio na komeo haujui mgeni wala mwizi!" Watu wakacheka. Mkia hakucheka. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya meza kuu, kwenye bango la mkutano wenyewe. Lilikuwa na mikia yake, ingawa hakulichora yeye, tena limekaa upande.

"Yupo aliyeguswa na jambo hili?" mwenyekiti akauliza.

Mkia akasimama. Miguu ikampeleka mbele, ikakipita kipaza sauti. Akapanda kiti, akalegeza kamba, akalivuta bango mpaka mstari ukanyooka.

"Ahsante fundi! Mpigieni makofi," mwenyekiti akasema. "Haya, mwingine?"

Akashuka, akatoka na makofi yao mgongoni.

Dada yake alikuwa akimsubiri mlangoni. "Umesema?"

Mkia akatazama chini. "Limenyooka sasa."

Dada aliona vumbi kwenye mikono ya lile shati, akaanza kulipangusa.