Nilikula Fahali, Nikatoka Nimekonda

Mimi nimejijenga mwenyewe. Shule niliiachia darasa la tatu, nikachuna ngozi, nikauza ng'ombe, nikajenga nyumba mtaa wa Engutoto. Kwa hiyo suruali ilipoanza kunidondoka, nilitoboa mkanda tundu jingine nikanyamaza. Na nilikuwa nakula kuliko vijana! Nikimaliza ugali wangu namalizia wa mke wangu, bado nakonda. Mikono inatetemeka, jasho linanitoka hata kwenye baridi ya Meru.

Watu mjini walishasema ni UKIMWI. Nikapima, sina. Ndugu zangu wakasema twende orpul, kambi ya msituni ambako wanaume wa kwetu hula nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka nguvu zirudi. Tukapanda juu ya Olmotonyi na fahali wangu mwenyewe. Nyama asubuhi, nyama jioni, mafuta nayanywa kama maji. Moyo ukapiga mpaka shati likawa linacheza.

Siku ya kushuka, kaka yangu alinishika mkono, vidole vyake vikakutana.

"Wewe! Hiyo nyama ulikuwa unampa nani?"

"Si nimekula mbele yako?"

"Fahali mzima, halafu unarudi fito?"

Hakucheka. Tulipofika nyumbani nikamsikia akimuuliza mke wangu kama nimeshaonyesha pa kunizika. Kesho yake mke wangu akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mimi si babu yako, fanya kazi."

Akacheka, akanipapasa koo, akatoa damu. Majibu yalipotoka akasema tezi ya shingoni inamwaga homoni kupita kiasi, kila ninachokula mwili unakiunguza.

"Kuna jambo zito lilikupata?"

"Hakuna."

"Tulimzika mtoto wetu wa kwanza," mke wangu akasema. "Aliugua sana, huyu ndiye alikuwa anambeba. Hajalia mpaka leo."

Daktari akasema hawezi kuapa kwamba ndicho chanzo, ila mshtuko mkubwa unaweza kuuamsha ugonjwa huu. Msiba uingie moyoni, utoke na nyama ya mwilini? Nimechinja miaka yote, sijawahi kuona kitu kama hicho.

"Nitakufa?"

"Ukimeza dawa kama nitakavyokuelekeza, utapona."

Mke wangu akampigia kaka yangu palepale. "Shemeji, jembe weka chini. Huyu bado yupo."

Nikamsikia kwenye simu mtu mzima yule akipenga kamasi.