Viboko Walipohama Ruvu

Mwishehe Pazi wa Visiga alikuwa na viboko, ingawa viboko wenyewe hawakujua. Kila Jumapili, enzi ya Mwingereza ikielekea ukingoni, dereva Mashaka alimletea wageni wa Kizungu kutoka Dar es Salaam, naye akawapeleka mtoni Ruvu kuona vichwa majini. Kila kiboko alikuwa amempa jina la shemeji yake mmoja.

Kiangazi kimoja viboko wakahama.

"Bwana Mwishehe," Mashaka akasema, "hawa wakirudi bila kuona kitu, Jumapili ijayo gari linakwenda Bagamoyo."

Wakirudi, wakapita maziko ya mzee Saburi. Kitwana, Mnyamwezi aliyeoa pale Visiga, alikuwa amelala ndani ya kaburi, anakohoa kama alivyokohoa marehemu, hatoki mpaka apewe kuku. Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, na mtani msibani kazi yake ni hiyo. Wafiwa walicheka huku wakifuta machozi. Wageni wakasahau viboko.

"Wanataka kuona kitu hiki tena Jumapili," Mashaka akatafsiri.

"Nani atakufa?"

Wiki nzima Mwishehe akazunguka kuwajulia hali wagonjwa, Mbwawa mpaka Masaki kule Kisarawe. Bibi mmoja akamlalamikia mkewe, Mwanahalima: "Mumeo ananitazama kama kuku wa sikukuu."

"Basi ufe wewe," Mwanahalima akamwambia mumewe. "Si kazi yako?"

Jumapili akalazwa uani, akafunikwa shuka. Wageni wakaketi. Kitwana akavaa kofia ya marehemu Mwishehe, akatembea kifua mbele kama yeye.

"Huyu ndiye bwana wa viboko," akatangaza. "Siku kiboko alipopiga chafya, alipanda mwembe. Tulimshusha magharibi, analia."

Mwanahalima akacheka mpaka akakaa chini. Maiti ikavumilia.

"Tena shamba lote alilima mkewe. Yeye jembe alikuwa akiliegemea."

"Mwongo wewe," maiti ikasema, ikainuka.

Viti vikapinduka. Mama mmoja wa Kizungu akatimkia garini na kikombe cha watu mkononi. Mwishehe akaiona kazi yake inakwenda Bagamoyo. Akalala tena haraka, akajifunika gubigubi.

Mashaka akaja akiinama. "Jumapili wanaleta wenzao, magari matatu. Ila wanaomba uinuke mapema kidogo, kabla ya chai."

"Muulize Kitwana," sauti ikatoka chini ya shuka. "Mimi hapa sina kauli."