Firigisi ya Baba

Pale Makanyagio palikuwa na hoteli ambayo hata wazee walibishana ilianza lini. Nyuma kulikuwa na tanuri la udongo, mbele mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa, na vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Mwenyewe tulimwita Bibi. Miaka ile ya tisini mimi ndiye niliyekuwa nakanda unga wa mikate yake, na mikono ilikuwa kama ya mwanaume.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Jumapili baada ya ibada hakuna sahani: wali na kuku wa tanuri vinakuja kwenye sinia, sinia moja kwa meza, na yeye ndiye anayekupangia pa kukaa. Ukigoma, nenda kapike kwako.

Jumapili moja akamkalisha baba yangu na mchumba wangu. Jamani! Nilitamani niingie tanurini. Mchumba mwenyewe alikuwa kijana wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi, na baba alisharudisha posa yake mara mbili. "Ukoo wake siujui," ndiyo ilikuwa hoja yake. Posa ya tatu ilikuwa iletwe wiki ile, na baba alishaapa ndiyo ya mwisho kuisikiliza. Mimi nilimpenda yule kijana, nisifiche.

Wakanawa, wakaanza kula. Nachungulia mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi. Mara namwona mwenzangu, kwa woga wake, anaokota firigisi na kuitia mdomoni.

Firigisi! Kwetu hata mtoto wa miaka mitatu anajua ile ni ya baba mwenye nyumba. Meza ya jirani wakaacha kutafuna. Nikasema moyoni, huyu mjinga ameshaniua.

Baba akarudisha mkono. "Kijana, kwenu hukufundishwa hiyo ni ya nani?"

Kijana akaimeza. "Sikufundishwa, mzee. Wakati wa kukimbia nilikuwa mgongoni kwa mama. Baba alibaki nyuma, hatukumwona tena. Sijawahi kukaa kula na baba."

Hakuomba huruma. Alijibu tu kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni.

Baba yangu alikuwa mkali, nyie acheni tu, lakini pale hakufoka. Halafu akachukua paja, akatoa mfupa kwa vidole vyake, taratibu, vile alivyokuwa akitufanyia sisi watoto wake, na ile nyama akaisogeza upande wa kijana.

"Kula," akasema. "Ya Jumapili ijayo utaniachia."

Nilirudi kwenye unga wangu nikalia kwa sauti, machozi yanadondokea humo humo, mpaka Bibi akanikaripia kwamba chumvi ameshatia.