Mama alisimama kinanda kilipopunguza sauti

Tangu tulipomzika nkambo, yaani mama yake mama, mama yangu hakuomba tena kwa sauti. Katika kanisa letu la maombi jambo hilo linaonekana haraka. Mpiga kinanda akipunguza sauti, sote tunajua: ni saa ya kusimama, kufunga macho, na kila mtu kumwambia Mungu lake, kwa nguvu. Mama alikuwa anasimama midomo imefungwa. Sikumuuliza kitu. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akiniuliza swali, ninajibu viatu vyangu. Lakini sauti yake nilikuwa na hamu nayo. Nilipokuwa mdogo nililala usingizi juu ya mapaja yake, na sauti ile ikipita juu ya kichwa changu.

Basi shuleni nikasikia kwamba siku ya Mungu, yaani Jumapili, alasiri, katika kanisa la zamani la Wakatoliki hapa Likasi kutapigwa orgue, kinanda kile kikubwa cha mabomba, bure kwa wote. Nkambo alikuwa anasali pale. Mama naye, kabla ya kuolewa na baba. Nikamwambia nikifikiri atakataa. Akaenda kufunga kitambaa kichwani.

Tulikaa karibu na nguzo, kwenye benchi alilopenda nkambo. Mabomba yenyewe yako juu ya mlango.

"Ule mwenye kupiga eko wapi?" mama akauliza.

"Nyuma yetu, kule juu."

"Na shiye tutamupatia mugongo mupaka mwisho?"

"Njo vile banafanyaka, mama."

"Bakatoliki," akasema, akacheka kidogo puani.

Mlio wa kwanza sikuusikia kwa masikio. Ulipanda kutoka chini, ukaingia kwenye ubao wa benchi, mpaka mama akaushika ubao kwa mikono miwili. Kukapigwa wimbo mrefu, mzito. Halafu sauti ikashuka, ikashuka, ikabaki moja tu, nyembamba, kama mtu anayepiga mluzi peke yake akiosha vyombo.

Mama akasimama. Akafunga macho, akainua mikono.

Nilielewa palepale. Kwake, kinanda kilikuwa kimetoa ishara. Hakuna mwingine aliyesimama. Vichwa vikageuka, na wasichana wawili wa shule yetu wakafinyana. Nikashika kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, nimvute akae. Ndipo nikamsikia.

"Baba Mungu, umwambie mama nilikuya. Nilikuya mbio. Ni njia njo ilinikawisha. Asiseme nilimuacha yeye moya, peke yake."

Siku nkambo alipokufa hospitalini, mama alikuwa juu ya lori akirudi na bidhaa kutoka Lubumbashi. Alikuta kitanda kimekwisha kutandikwa. Mimi nilidhani amenyamaza kwa huzuni tu. Kumbe alikuwa bado kwenye barabara ile.

Nikaacha kikwembe. Nikasimama. Sikuomba, sikufunga macho, masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilisimama tu ili tuwe wawili.

Baba mmoja mwenye suti, papa kama tunavyoita huku, aliyekuwa akipokea watu mlangoni, akaja kwa ncha za viatu.

"Mama, ikala. Hapa leo hatuombe, tunasikiliza tu."

Mama hakumsikia. Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni naye anaendelea kuomba. Papa yule akanyoosha mkono kumgusa bega.

"Papa, muache," nikasema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hajamaliza."

Akaniangalia. "Na weye, unaomba?"

"Hapana. Minye niko naye."

Akabaki na mkono hewani. Kisha akaurudisha, akaegemea nguzo karibu yetu, akageuza uso kwa wale wasichana mpaka wakainamisha vichwa.

Kule juu kinanda kikaanza kupanda tena, bomba baada ya bomba, madirisha yakatetemeka. Mama akapandisha sauti yake pia.